Damu ya Mdogo Wake Cheche

Benchi letu liko kati ya karakana ya kuchomelea vyuma na saluni ya kinyozi, na anayeketi hapo lazima awe na la kusema; asiyekuwa nalo akanywe kahawa kwake. Mimi naziba pancha hapo mbele. Shule niliiacha mapema kwa sababu ilikuwa inanichelewesha, na tangu hapo sijakosa jibu. Wengine wanajitahidi. Yupo Ampea, anayechaji betri za magari na kuamini kila kitu duniani kina chanya na hasi. Yupo kinyozi tunayemwita Nusu Habari, kwa kuwa redio yake hunguruma kila anapowasha mashine ya kunyolea, hivyo habari zote humfikia mpaka pale mteja anapoketi. Na yupo Cheche, mwenye karakana, ambaye siku hiyo alikuja na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Kesi yenyewe ilikuwa ya mdogo wake. Kijana alikuwa anachomelea naye mageti, fundi mzuri tu, kisha akaanza kubadilika. Usingizi hapati. Akishika chuma, mikono inatetemeka. Mtu akibisha hodi, moyo unamwenda mbio kama amefumaniwa. Mwisho akaacha kazi kabisa, akawa wa kulala akiutazama ukuta. Cheche, anayeishi naye na kumlisha, alisema huo ni uvivu. Mdogo mtu akasema anaumwa. Ndipo Nusu Habari akatuletea yake: redio imesema wataalamu wanatafuta kwenye damu chembechembe zinazoweza kuonyesha kama mtu ana sonona, au ana ule wasiwasi uliopitiliza. Hapo mteja akaketi.

Cheche hakungoja nusu ya pili. Asubuhi hiyo alimburuta mdogo wake mpaka maabara, akaagiza apimwe huzuni. Mpimaji akamwambia kipimo hicho hawana, mambo bado yanatafitiwa. Cheche akamjibu basi apime vyote alivyo navyo. Wakapima malaria, sukari, wingi wa damu na mengine yaliyokuwepo.

— Damu safi kama maji ya chupa, Cheche alituambia akivuta kikombe. Haina huzuni hata tone. Nimemwambia afungashe. Jioni nikirudi nisimkute.

Nikamwuliza kijana atakwenda wapi. Akasema mwenye damu safi hakosi pa kwenda.

Nusu Habari hakukubali. Yeye amekata watu wengi, kwa bahati mbaya anasema, na ameona kwamba mwenye furaha ukimgusa tu na wembe damu inaruka, ila mwenye majonzi damu yake inachungulia kwanza. Kwa hiyo maabara walipaswa kupima mwendo, siyo usafi.

— Unakata watu halafu unashangaa wana huzuni, nikamwambia.

Ampea akatuhurumia sote kwa kutojua umeme. Betri ukiipima ikiwa imepumzika, alisema, inakuonyesha imejaa. Iache iwashe gari ndipo uione. Kosa la Cheche ni kumpima kijana akiwa amekaa kwenye kiti. Angemrudisha karakana, amshikishe mashine ya kuchomelea, na mpimaji amchome sindano katikati ya kazi.

— Na mkono ukitetemeka, sindano ikavunjika? Cheche akauliza.

— Hayo ndiyo majibu yenyewe.

Hapo nikaona mjadala umekosa mtu mwenye akili, nikaingia. Nikawaeleza kwamba mimi nimewahi kutoa damu hospitali, na yeyote aliyewekewa, popote alipo, sasa hivi anajisifu mbele za watu bila kujua kwa nini. Dawa ni hiyo. Wamtoe kijana chupa moja ya ile damu yake yenye aibu, wamjaze yangu. Keshokutwa atakuwa anagombana na wateja.

— Tukiwa na wawili kama wewe, nani atabaki wa kusikiliza? akasema Nusu Habari.

Tulikuwa bado tunacheka mdogo wake Cheche alipotokea. Pamba ya maabara ilikuwa bado imebandikwa mkononi. Alikuja kurudisha ufunguo wa nyumba. Akauweka kwenye benchi, karibu na kikombe cha kaka yake. Hakuna aliyemkaribisha kahawa. Si rahisi kumtazama mtu uliyekuwa unamgawia damu sasa hivi.

— Kaka, nimefungasha. Nina swali moja tu.

— Uliza.

— Mwaka jana ulipolala kwa kuumwa mgongo, walikupiga picha wakasema hawaoni kitu. Mimi nilikudai kipimo gani ndipo niamini unaumwa?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu aliyesahau na anataka kukumbushwa. Kipindi kile sote tulikiona: Cheche hawezi hata kufunga kamba za viatu, mdogo wake anafungua karakana peke yake, anamaliza mageti ya watu, jioni anarudi kumkanda kaka yake kwa maji ya moto.

Cheche akamtazama Ampea. Ampea akawa anachungulia ndani ya kikombe. Nusu Habari akasema anasikia mtu saluni, akaingia.

— Fundi pancha, Cheche akaniambia, si ulikuwa unaongea wewe?

Nikasema kuna tairi la mtu linanisubiri. Hakukuwa na tairi. Nikaenda nikasimama karibu na pampu, nikaishika.

Kutoka pale nilimwona Cheche akiuchukua ufunguo, akaugeuza-geuza kama anayekagua geti alilochomelea yeye mwenyewe na sasa haliamini. Kisha akautia kwenye mfuko wa shati la mdogo wake. Hakusema amekubali kwamba anaumwa, wala hakuomba radhi.

— Tangulia nyumbani ukalale, alisema. Kesho karakana nitafungua mwenyewe.