Mwalimu Aliyehesabu Mikono

Ndugu, majirani, walimu na wanafunzi wa zamani, familia imeniagiza mimi, binti wa kaka wa marehemu, niwasomee maisha ya shangazi yangu. Wasifu huu nimeuandika kwa maelekezo yake mwenyewe, na sehemu moja aliisema neno kwa neno nami nikaandika. Nitaisoma kama ilivyo.

Marehemu alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1959, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho. Baba yake alikuwa fundi wa njia ya reli na mama yake alikuwa mshonaji. Tangu utoto alikuwa mtu wa kutaka kuona kwa macho yake. Akiwa na umri wa miaka sita alimfungia jongoo ndani ya kikombe cha baba yake ili ajue kama anaweza kurudi kinyumenyume, kisha akasahau. Baba alimiminiwa chai humo. Alipoulizwa, hakukana wala hakulia. Alisema tu, "Baba, usimtupe, bado sijapata jibu." Bibi alikuwa akisimulia kisa hicho kila mgeni alipofika, hadi marehemu mwenyewe akawa anaondoka sebuleni kinapoanza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972 na sekondari kuanzia 1973 hadi 1978. Ada ya miaka miwili ya mwisho alilipiwa na kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kazi ya kubeba mbao. Jambo hilo marehemu hakulisahau, na litawasaidia kuelewa yaliyofuata. Mwaka 1980 aliingia chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1982 katika masomo ya baiolojia na kemia.

Alianza kufundisha Januari 1983 katika shule ya sekondari ya mji huu, na hakuhama hadi alipostaafu. Maabara yake ilikuwa chumba cha mwisho upande wa matangi ya maji, chenye meza nne za saruji, sinki moja linalovuja na hadubini mbili, moja ikiwa nzima. Juu ya kabati aliweka kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mfuniko. Mwanafunzi mwenye shaka aliandika swali bila jina, akalitumbukiza humo, na kila Ijumaa mwalimu alilijibu mbele ya wote. Ndiyo maana wengi wenu mlimwita Mama Kopo. Swali lililojirudia kuliko yote lilihusu mageuko ya viumbe, yaani namna viumbe wanavyobadilika kidogo kidogo, kizazi hata kizazi, kwa muda mrefu sana. Liliuliza: kama mtu ametokana na nyani, mbona nyani bado wapo? Yeye alijibu, "Kwanza hakuna aliyesema umezaliwa na nyani. Wewe na binamu yako mna babu mmoja. Ulipozaliwa wewe, binamu yako alikufa?" Darasa lilicheka, naye akasubiri wamalize kucheka, ndipo akaanza kufundisha.

Alikuwa mtu wa ibada, na waliokuwa wakiketi naye benchi moja kila wiki wanaweza kunishuhudia. Hakuona ugomvi kati ya sala yake na hadubini yake. Waliomchokoza kwa hilo aliwaambia, "Mimi sijagombana na Mungu. Nyinyi ndio mnanigombanisha naye."

Tarehe 20 Agosti 1988 alifunga ndoa na dereva wa lori la maji, mtu mpole na mwenye utani. Siku ya kwanza ya kumposa dereva alimwuliza, "Eti mwalimu, ni kweli sisi tulikuwa tunakaa mitini?" Akamjibu, "Mimi nilishashuka. Wewe nakusubiri." Hawakujaliwa mtoto. Mimi nilipelekwa kwao nikiwa darasa la tano kwa kuwa nyumba yao ilikuwa karibu na shule yangu ya msingi, na wakanilea kama wa kwao. Mume wake alifariki mwaka 2009.

Sasa nafika kwenye sehemu aliyoniagiza nisiiruke.

Mwezi wa tano mwaka 2006 kulifanyika mkutano wa wazazi shuleni. Baadhi walilalamika kwamba watoto wanafundishwa kuukataa uumbaji. Mzazi mmoja alisimama akasema, "Mwanangu amerudi nyumbani ananiambia babu yangu alikuwa na mkia. Babu yangu namfahamu mimi. Alikuwa na ng'ombe, mkia sikuuona." Mkutano ulicheka sana, na kicheko hicho kikafanya kazi ambayo hoja isingeweza kuifanya. Iliamuliwa kwamba ndani ya kipindi cha sayansi uumbaji ufundishwe sambamba na mageuko, kisha wanafunzi wachague wenyewe kwa kunyoosha mikono. Mwenyekiti wa wazazi alikuwa kaka wa marehemu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ndiye baba yangu.

Jioni ile baba alipita nyumbani kwake. "Mdogo wangu," alimwambia, "nimeshatangaza mbele za watu. Usinitie aibu."

"Kaka, haya mambo hayapigiwi kura."

"Ni dakika arobaini tu. Nani atapungukiwa?"

Marehemu aliniambia kwamba pale alikumbuka mbao begani mwa kaka yake na ile ada ya miaka miwili, akanyamaza. Baba akafahamu kuwa amekubali.

Alhamisi, tarehe 8 Juni 2006, mkuu wa shule na mwenyekiti waliketi ndani ya maabara, viti vya nyuma. Mwalimu alieleza somo lake kwa haraka, akiangalia chini. Mzazi mmoja alieleza uumbaji, na alieleza vizuri. Kisha mwalimu, ambaye kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amewafundisha watoto wa watu kwamba jambo la sayansi hutafutiwa ushahidi, alishika chaki akahesabu mikono. Upande mmoja alichora vijiti mpaka vikajaa ubao. Upande wa pili alichora kijiti kimoja. Mkono ule ulikuwa wa msichana wa benchi la pili.

Mtu akasema kwa sauti, "Binti Nyani." Darasa likaangua kicheko, na waliokaa nyuma nao wakacheka. Msichana hakushusha mkono. Alimtazama mwalimu, akisubiri aseme neno. Mwalimu aliandika ubaoni: "Darasa limekubaliana kwamba mageuko hayakutokea." Kisha akasema, "Nakilini. Tuendelee na ukurasa unaofuata." Wanafunzi wakanakili.

Kura hiyo ikawa desturi ya shule. Kila mwezi wa sita, kwa miaka minane, kidato cha tatu kilinyoosha mikono, mwalimu akahesabu, na mstari ule ukanakiliwa. Baada ya mwaka ule wa kwanza hakuna mkono mwingine ulioinuka peke yake. Kopo nalo liliendelea kukaa juu ya kabati, ila maswali ya mageuko hayakuingia tena. Shule iliona kwamba amani imerudi. Alipostaafu Machi 2014 alisifiwa kwa busara na utiifu, akapewa saa ya ukutani. Aliiweka uvunguni mwa kitanda ikiwa bado ndani ya boksi lake. Nilidhani hapendi rangi yake.

Mwaka 2019, nikiwa nimeshahitimu chuo cha ufundi na kuajiriwa katika karakana ya meno bandia, alikuja kunisalimia kazini. Mezani kulikuwa na mataya ya plasta yaliyotokana na vinywa vya wagonjwa. Mwenzangu mmoja alikuwa akilalamikia taya ambalo jego lake la mwisho, lile jino la nyuma kabisa, limelala ubavu kwa kukosa nafasi. Shangazi alilichukua, akaligeuza kwenye mwanga, na uso wake ukachangamka kama zamani. Akaanza kutueleza jinsi taya la binadamu lilivyopungua katika vizazi vingi huku idadi ya meno ikibaki karibu ileile. Mafundi wote watatu tuliacha kazi tukamsikiliza. Mwenzangu akamtania, "Mama, kwa hiyo nikimng'oa huyu jego lake namsaidia kumaliza safari?" Wote tukacheka. Shangazi hakucheka. Aliliweka taya mezani polepole, akasema, "Basi. Msije mkanipigia kura," akaketi kwenye kiti cha wateja. Siku hiyo ndipo nilipoyasikia haya kwa mara ya kwanza, na nilimwona mtu mzima akishindwa kunitazama usoni.

Aliugua mwanzoni mwa mwaka 2023. Mwezi wa pili madaktari walithibitisha kuwa ni saratani ya kongosho, nao hawakumficha. Hakuomba kupelekwa mbali kutibiwa. Aliomba kipindi kimoja. Alimwendea mkuu wa shule wa sasa, ambaye hakuwepo miaka ile, akamsihi apewe dakika chache asimame mbele ya darasa na kuufuta mstari ule kwa mdomo wake. Mkuu alimpokea kwa heshima. "Mama, wale uliowafundisha hawapo tena," alimwambia. "Hawa wa sasa utawachanganya." Tulirudi nyumbani kwa miguu, akisimama kila penye kivuli kupumzika. Alipofika alisema, "Basi nitafutie yule msichana."

Yule msichana sasa ni msusi. Nilimkuta kwenye saluni yake akimsuka mteja. Nilipojieleza mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Binti Nyani bado hajasahaulika, kumbe," alisema.

Mteja akauliza, "Nani tena huyo?"

"Mimi, shoga. Ndivyo walivyokuwa wananiita. Niliacha mchepuo wa sayansi kwa ajili ya hilo jina. Inamisha kichwa."

Mteja akainamisha kichwa. Nilimwambia mwalimu ni mgonjwa na anataka kumwomba radhi. Alimaliza kwanza nywele zote. Aliponisindikiza mlangoni alisema, "Jumapili sifungui."

Alikuja Jumapili ile. Marehemu alikataa kumpokea akiwa kitandani, ikabidi nimvalishe na kumkalisha kitini. Aliomba msamaha kwa maneno kamili, bila kujitetea na bila kumtaja kaka yake. Alisema, "Wewe ulikuwa umesoma vizuri. Mimi nilijua, nikanyamaza."

Msusi alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu," akasema, "mimi siku ile nilikuwa sijaelewa vizuri hilo somo. Hata leo sijui kama naliamini lote. Nilinyoosha mkono kwa sababu ulikuwa umebaki peke yako pale mbele."

Shangazi yangu alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Msusi alisogeza kiti karibu, nami nikatoka nje.

Kesho yake aliniita niandike, akasema: "Kipindi wamenikatalia. Lakini kwenye mazishi yangu watakuja. Wasomee."

Baada ya msiba kutufika, kikao cha familia kilipinga. Baba alinipokonya karatasi. "Unataka kutuvua nguo mbele za watu?" aliniuliza. "Msiba ni mahali pa kumsitiri marehemu."

Nilimjibu kwamba maneno ni ya marehemu, na kwamba hata yeye baba hakutajwa kwa ubaya. Akaisoma karatasi peke yake chumbani kwa dada yake, kwa muda mrefu. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. "Hukuandika kwamba na mimi nilicheka," alisema. "Andika." Ndiyo maana mmesikia kwamba waliokaa nyuma nao walicheka.

Haya ndiyo maneno ya marehemu: "Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, kuanzia mwaka 2006 hadi 2013. Niliwaandikisha uongo. Viumbe hubadilika, na ushahidi wake upo kwenye mawe, kwenye mifupa na ndani ya miili yenu. Mikono ya darasa zima haiwezi kuuondoa, kama ambavyo isingeweza kuondoa maji kisimani. Imani zenu sikutaka kuzigusa, na hadi leo sizigusi. Lakini mlikuja kwangu kujifunza namna jambo linavyojulikana, nami nikawafundisha namna linavyoogopwa. Naona haya. Kama daftari lile bado mnalo, futeni mstari huo. Kama hamnalo, ufuteni kichwani. Na kuna mwenzenu mliyemwita jina baya mbele yangu. Aliyestahili kuchekwa siku ile nilikuwa mimi."

Marehemu alifariki nyumbani kwake Alhamisi, tarehe 2 Novemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minne. Ameacha kaka mmoja, watoto watatu wa kaka yake ambao mimi ni wa mwisho wao, wajukuu watano, shemeji wawili, na mwanafunzi wake, msusi, ambaye familia imemwomba aketi pamoja nasi mbele. Ameacha pia nyinyi mlionakili.

Mwenyezi Mungu ampokee na ampe utulivu alioukosa tangu siku ile. Na baba ameniomba nimalizie kwa maneno yake: aibu yake atuachie sisi tuliokuwa tumekaa nyuma.