Miaka Thelathini na Miwili Langoni mwa Kambi: Bi Mwanabaraka Khubaib Astaafu

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya sala ya Ijumaa na kabla biriani haijapoa, Bi Mwanabaraka Khubaib atarudisha leseni yake ya kupeleka hati za mahakama na kustaafu rasmi. Atakuwa ameitumikia ofisi yetu ya mawakili, Dzoro na Wenzake, hapa Ndia Kuu, Mombasa, kwa miaka thelathini na miwili na miezi miwili. Katika muda huo tumebadilisha mawakili kumi na mmoja, taipureta kwa kompyuta, na ngazi ya mbao mara mbili. Yeye hatukumbadilisha, ingawa, kama mtakavyosoma hapa chini, kuna mtu aliyekaribia kufanya kosa hilo.

Kwa wageni watakaosoma kijarida hiki, kazi ya Bi Mwanabaraka ni kupeleka samansi kwa wanajeshi. Mtu akishtakiwa au akiitwa mahakamani naye yuko jeshini, humwendei kwenye gwaride ukamtilia karatasi mkononi. Hati hupitia kwa mkuu wa kambi. Mkuu humwita, humkabidhi, naye mwenyewe hutia sahihi nakala inayorudi kortini. Kisha aliyepeleka huapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba mambo yalikwenda hivyo. Inaonekana kazi nyepesi mpaka siku utakapokaa langoni saa nne juani, halafu uambiwe mkuu ametoka kwa mlango mwingine.

Alizaliwa Kibokoni, binti wa fundi wa milango, na alikuja kwetu Septemba 1993 kama mpiga chapa. Wakati huo samansi zilipelekwa na bwana mmoja mrefu ambaye kila mwanamaji alimjua kwa sura. Akishuka tu kwenye feri, habari humtangulia kambini, na anayetafutwa huwa ameshapata kazi ya dharura mahali kwingine. Alipokwenda safari ya tatu akarudi na bahasha ileile, Mzee Dzoro, mwanzilishi wa ofisi, aliuliza kwa mzaha kama kuna mwingine anayetaka kujaribu. Mpiga chapa akainua mkono.

Kesho yake alifika langoni na buibui lake na kikapu. Askari wa zamu akamsogezea kiti kivulini na kumuuliza kwa heshima, "Mama, umekuja kumtazama mwanao?"

"Nimekuja kumtazama mtoto wa mwenzangu," akajibu, akatoa kitambulisho na bahasha. "Mpelekee mkuu wako hii, nami nitangoja."

Kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi Ndia Kuu na nakala yenye sahihi. Mwisho wa wiki hiyo taipureta yake ilipewa mtu mwingine.

Jina la Mama Samansi alipewa na wanajeshi wenyewe. Alikuwa na desturi ya kumweleza mtu kilichoandikwa kabla hajaanza kutetemeka. "Karatasi hii haikuhukumu," huwaambia. "Yakuita tu. Nenda ukaseme lako." Wapo waliomsikiza wakamshukuru. Wapo pia waliomwogopa bila sababu. Siku moja alikwenda stendi ya mabasi ya Mwembe Tayari kumsindikiza bintiye Mahira aliyekuwa akisafiri kwenda Kitale. Koplo mmoja aliyekwisha kaa ndani ya basi alimwona akikaribia, akarukia nje kupitia dirishani na begi lake. Koplo huyo hakuwa na kesi yoyote. Bi Mwanabaraka alimfuata mpaka kwenye kibanda cha maji ya miwa kumwambia arudi garini, basi lisije likamwacha. Na katika harusi moja ya Kibokoni, bwana harusi, afisa wa jeshi, alikataa kupokea kadi ya pongezi kutoka mkononi mwake mpaka mkewe mpya alipoifungua kwanza.

Mimi nilijiunga na ofisi mwaka 2006, kijana kutoka Machakos mwenye tai mpya na Kiswahili ambacho Bi Mwanabaraka alikirekebisha bila kuombwa. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko wote waliobaki. Nimekubali kwa sababu nyingine. Kuna jambo la mwaka 2009 ambalo ofisi inalisimulia nusu tu, na nusu iliyobaki ni yangu. Baba na binti wanaohusika wameniruhusu kuwataja.

Koplo Ronny alikuwa mwanamaji. Mkewe alifariki, akamwachia mtoto wa miaka sita, Sheryl. Akiwa kazini mtoto alilelewa na mama mkubwa, dada wa marehemu, kwa mwaka mmoja na miezi minane. Mama huyo alimpenda Sheryl, hilo sina shaka nalo hata leo. Mumewe akapata kazi ng'ambo, nao wakawa wanahama mwezi wa Aprili. Mama mkubwa akaja kwetu kuomba mahakama impe ulezi wote, akisema baba hajaonekana. Kesi ilipangwa Alhamisi. Baba akiitwa asije, hakimu angeamua bila yeye, na mtoto angepanda ndege na mama mkubwa.

Jumatatu ya wiki hiyo Bi Mwanabaraka alivuka kwenda kambini. Karani wa kambi aliipokea bahasha, akatia sahihi daftarini, akamwambia Koplo Ronny yuko baharini na meli ya doria, na siku ya kurudi hawezi kuitaja. Alirudi saa saba akanieleza hivyo hivyo.

Nilikuwa wakili wa mwaka wa tatu, mwenye pupa ya kumridhisha mteja. Nikamwambia, "Bi Mwanabaraka, bahasha imefika na sahihi ipo. Andika kwamba amekabidhiwa."

"Aliyetia sahihi ni karani."

"Karani ni mtu wa kambi. Hakimu hatauliza."

"Asipouliza ataandika kwamba baba ameitwa akakataa kuja," akasema. "Mtoto ataondoka. Na huyu mtu akirudi, nimwambie nini?"

Nilimjibu kwamba si kazi yake kumwambia lolote. Kisha, na hili ndilo ninaloona haya kuliandika, nilimkumbusha kwamba mkataba wake unakwisha mwezi huo, na fomu ya kuuongeza inapitia mezani kwangu.

Hakugombana nami. Alifunga mkoba wake taratibu. "Sikiza, wakili," akasema. "Mimi hushika Msahafu kabla ya kutia sahihi hati ile ya kiapo. Wewe waiona ni karatasi."

Jumanne alivuka tena, safari hii akaomba kuonana na mkuu mwenyewe. Mkuu huyo, aliyekuwa meja, alimpokea na kumweleza kwa upole kwamba mwanajeshi aliyetumwa yuko wapi si habari ya kumpa raia.

"Sikuulizi aliko, bwana Meja," akamwambia. "Nataka uniandikie tu kwamba hapa hayuko."

Meja akamwita karani. Bi Mwanabaraka alitoka na barua ya mistari mitatu yenye muhuri: koplo hayuko kambini, hati hazijamfikia, atakabidhiwa akirudi. Akaenda kuapa kama alivyoona kwa macho yake, akaambatisha barua, akaiwasilisha masjala ya mahakama. Hakunificha. Jumatano asubuhi nilikuta nakala juu ya meza yangu, imewekwa sawa, na kalamu juu yake isipeperuke.

Alhamisi hakimu aliisoma. Aliahirisha kesi mpaka baba arudi, akaamuru mtoto asitolewe nchini. Mama mkubwa alinilaumu ukumbini mbele ya watu, huku analia, nami nikazipeleka lawama zile zote ofisini nikamtwisha mtu asiyehusika. Fomu ya mkataba wa Bi Mwanabaraka niliitia kwenye droo yangu. Mzee Dzoro alipouliza, nilisema naishughulikia.

Ilikaa humo wiki saba. Bila mkataba hakuweza kupewa hati za kupeleka. Alikuja kila siku saa mbili, akakaa kwenye benchi la juu ya ngazi, akasaidia masjala kupanga mafaili. Alikuwa mjane tayari, na Mahira alikuwa kidato cha tatu. Kila asubuhi nilipopita alinisalimu, "Sabalkheri, wakili," kwa sauti ileile ya siku zote. Nilikuwa naitikia nikitazama viatu vyangu. Hakumweleza Mzee Dzoro wala mtu mwingine yeyote nilichomwambia. Nilikuja kumuuliza sababu baada ya miaka. Alisema alikuwa anangoja niseme mwenyewe.

Mwezi wa Mei askari wa langoni alimpigia simu: meli imeingia. Bi Mwanabaraka alikuja mezani kwangu akasema anataka kuwapo Koplo Ronny atakapokabidhiwa, amweleze. Nikamwambia hana mkataba. Akasema kuvuka feri hakuhitaji mkataba. Basi kwa kuwa lazima mmoja wetu awe na idhini, nilikwenda naye, shingo upande. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika langoni ambako nilikuwa nikiwatuma watu kila wiki.

Koplo Ronny aliingia ofisini kwa mkuu akiwa bado na nguo za kazi, amekonda, midomo imepasuka kwa chumvi. Alisoma hati mara mbili akiwa amesimama. Kisha akakaa bila kuambiwa.

"Kesi imekwisha katwa?" akauliza.

"Haijakatwa, mwanangu," Bi Mwanabaraka akamwambia. "Yakungoja wewe."

"Na mtoto?"

"Yupo. Hajatoka Mombasa. Nimeuliza jana, yuaenda shule."

Yule mtu alijifunika uso kwa kofia yake. Meja akajifanya anatafuta kitu kwenye kabati. Mimi nilitazama nje, nikawa nahesabu siku: kama hati ya kiapo ingeandikwa nilivyotaka, mtoto angekuwa ameshaondoka wiki tano nyuma, na huyu bwana angekuwa anaipata habari hiyo wakati huu, kwenye kiti hiki.

Tukirudi, kwenye feri, Bi Mwanabaraka alinunua mihogo ya kukaanga, akanipa nusu. Kesho yake nilitia sahihi fomu.

Mahakama iliwasikiza wote wawili. Sheryl alibaki na babake, na nyanya yake akahamia kwao Tudor amlee wakati baba yuko safarini. Mama mkubwa alipewa kukaa naye likizo za shule. Ilichukua kama miaka miwili kabla yeye na Ronny hawajaweza kuzungumza bila mawakili, lakini waliweza. Sheryl sasa yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea ualimu.

Mimi nilimwambia Mzee Dzoro ukweli mwaka 2012. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aliamua kwamba kwa mwezi mzima samansi zote za kambini nitazipeleka mimi, na Bi Mwanabaraka akae mezani kwangu. Wiki ya kwanza nilipotea kwenye nyumba za maafisa nikafukuzwa na bata bukini watatu. Wiki ya pili nilikuwa nimeungua pua. Wiki ya nne nilijua majina ya askari wote wa lango. Bi Mwanabaraka, kwa upande wake, alizipanga upya droo zangu, na mpaka leo sijui kisanduku cha stepla kiko wapi.

Tangu hapo amefundisha wapeleka hati sita, wa mwisho akiwa Mwende, anayeshika nafasi yake Desemba. Mafunzo yenyewe ni mafupi. Msalimu askari wa lango kabla hujamtajia unachotaka. Chukua maji na kalamu yako mwenyewe. Mwanajeshi akiwa na mkewe au watoto, ngoja waondoke. Na usiandike ulichosikia kana kwamba umekiona. Mwende anasema hili la mwisho amelisikia mara nyingi hata analiota.

Ofisi inakushukuru, Bi Mwanabaraka, kwa hati zaidi ya elfu nne, na kwa kuwa hakuna hata moja iliyowahi kutenguliwa kortini. Wanajeshi wanakushukuru, wawili wao wameomba waje Ijumaa, na tumewahakikishia kwamba hutakuwa na bahasha. Mahira ametuambia kwamba utapanda treni kwa mara ya kwanza, uende ukaione Nairobi, ukae mpaka uchoke nayo. Tunakadiria siku tatu.

Na mimi ninakuomba radhi. Nimekuambia mengi kwa miaka hii kumi na sita, lakini neno hilo sijakuambia, na nimetaka nilitamke mahali ambapo kila mtu wa ofisi hii atalisoma. Nilikutaka uape uongo, na ulipokataa nikakuadhibu. Ulikuwa na haki, nami nilikuwa na makosa.

Uishi kwa afya na raha, na nyumba yako Kibokoni isikose wageni, nasi tukiwemo. Jumatatu lala mpaka jua liingie chumbani. Langoni atakwenda Mwende.

Crispus Kavumbi, Wakili