Mwanya Mbele ya Kanisa

Benchi letu liko kando ya Waiyaki Way, hapa Kangemi, na asubuhi hiyo tulikuwa tunaisaidia serikali kupanga ukuta wa katikati ya barabara. Serikali haikuwa imetuomba. Tangu lori litoke upande wa pili na kumuua mke wangu Wanjira, Mungu ampumzishe, nimeuombea ukuta huo kila siku. Wenzangu nao huniunga mkono, kahawa ikiwepo.

— Zege, alisema Shem, fundi wa milango ya chuma. Tunamwita Injinia kwa sababu milango yake haifungi. — Iwe nene chini, nyembamba juu. Gari ikigonga, tairi inapanda kidogo, inarudi kwa leni yake.

— Zege inaua, alisema Lenox wa bodaboda. — Weka nyaya. Inakushika polepole kama mama.

— Wewe na hiyo pikipiki, nyaya itakukata kama mkate.

— Basi magodoro. Mstari mzima mpaka mjini.

— Godoro ilale nje hapa Kangemi? Asubuhi utaipata?

Nanjala, muuza sukuma wiki, alimaliza ubishi.

— Mimi nataka zege. Lakini hapa mbele yangu waache kanjia. Wateja wako ng'ambo.

— Na steji yetu, alisema Lenox. — Kanjia ya pikipiki tu.

— Na mkokoteni wangu wa milango? aliuliza Injinia.

— Mkokoteni ni wako, Injinia ni wewe, jipangie, alisema Lenox.

Nami, kwa unyenyekevu wa mtu wa maombi, niliomba tu ule mwanya wa kuvukia katikati ya barabara, mbele ya kanisa, ubaki ulivyo, waumini wasizunguke, hasa wenye mguu mbovu kama wangu. Hakuna aliyepinga. Nani atamzungusha Bwana?

Ndipo akaja binti mwenye jaketi la kung'aa na mkebe wa rangi. Alisema anaitwa Valarie, yuko na wajenzi wa ukuta, akaomba kahawa.

— Naweka alama pa kuanzia, wazee wangu. Ile lori iliua mama hapa, ilipitia wapi?

Lenox aliangalia kikombe chake. Injinia aliangalia barabara. Wote walijua, na mimi zaidi yao.

Nilisimama taratibu, nikamwonyesha kwa fimbo.

— Anzia pale kwa kanisa, binti yangu. Funga kabisa.

— Na hiyo mguu yako, Mzee? aliuliza Nanjala.

— Itazunguka nami.

Valarie alishika mkebe wake, tukaondoka pamoja. Nyuma yetu Nanjala alianza kusogeza magunia yake kutoka pale alipotaka kanjia, na hakuna aliyekuwa amemwambia.