Ngoja, N'takwambia

Asalaam aleikum, na wenzetu Wakristo, amani iwe kwenu pia. Sauti yangu ikipanda mno, inueni mkono niishushe. Mimi mwenyewe siisikii. Dada huyu ubavuni pangu anawageuzia maneno kwa mikono wenzangu wasiosikia.

Nilipoteza masikio nikiwa sekondari, kwa homa ya uti wa mgongo. Nilikuwa nikiishi Bondeni kwa mamangu mdogo, na televisheni ilikuwa kwake. Kila Alhamisi baada ya alasiri majirani wa kike walikuja kutazama mchezo ama kanda ya video. Chumba kinajaa, kahawa na kaimati zinapita. Wakicheka, natazama mabega yao nami nacheka. Nachelewa, lakini nacheka. Nikiuliza, "Kasemaje?" midomo yote inajibu namna moja: "Ngoja, n'takwambia."

Ndugu zangu, nawaambia, nimengoja sana. Mchezo unakwisha, buibui zinavaliwa, na hakuna aliyeniambia. Nikaacha kuuliza. Halafu nikaacha kusema kabisa. Nikawa nakaa jikoni nachagua mchele, naona mwanga wa televisheni ukichezacheza ukutani, na nyumba imejaa watu. Nilikuwa mpweke, jamani, mpweke hasa.

Mjomba alikuwa akifanya kazi Dubai. Akaniletea kanda ya Kihindi yenye maandishi chini. Nyumba nzima ilifurahi. Kuiweka, maandishi ni ya Kiarabu! "Soma basi," wakanihimiza, "si umehitimu msahafu?" Msicheke, nanyi mngenihimiza vivyo hivyo. Herufi nazijua, lakini Kiarabu chenyewe sikijui, na maandishi yale hayana irabu wala hayamngoji mtu. Nilirudi jikoni nikalia. Alhamisi nyingi zikapita sikutoka.

Kumbe mamangu mdogo, mwanamke asiyependa hata kwenda sokoni, alikuwa akizunguka maduka ya kukodisha kanda, Bondeni mpaka Makupa, akiuliza: "Muna ya maandishi ya Kizungu?" Wakimcheka, anakwenda duka jingine. Alhamisi moja akanishika mkono, akaniketisha mbele.

Mama mkwe wa kwenye filamu akafungua mdomo, maneno yakatokea chini, nikayasoma. Nikacheka. Wa kwanza, peke yangu! Chumba kizima kikageuka. Wale waliojidai wanajua Kihindi, kumbe walijua nyimbo tu. Mamangu mdogo akanivuta mkono: "Yuwasemaje?"

Nami, na raha zangu: "Ngoja, n'takwambia."

Nikauona uso wake. Uso ule nilikuwa nikiuvaa mimi, Alhamisi zile zote. Nikamwambia papo hapo, kwa sauti iliyokuwa imelala muda mrefu, na mpaka filamu inakwisha nilikuwa nimewasomea wote kwa Kiswahili, hata matusi.

Siwadanganyi kwamba upweke umekwisha. Taarifa ya habari pale nyumbani haina maandishi hadi leo. Ikianza, chumba kinanyamaza, nami nabaki kuutazama mdomo wa mtangazaji. Lakini mamangu mdogo hugeuza kiti, akaipa televisheni mgongo, akanikabili, akanisemea polepole. Yule pale nyuma, anajifunika uso kwa haya. Mama, ahsante. Mjomba naye namshukuru, kanda yake bado ninayo.

Nanyi mlio na asiyesikia nyumbani, msimwambie angoje. Geuzeni kiti.