Neno Moja Lililomtoa Fundi Studio

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, fundi sauti mkuu wa redio yetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Aliingia akiwa kijana wa kubeba nyaya. Anatoka akiwa mtu ambaye hakuna mtangazaji anayethubutu kufungua mdomo kabla yeye hajashusha kidole. Kwa sababu ya kidole hicho, na tabia yake ya kutunyamazisha hata kwenye foleni ya chai, tulimbatiza jina la Bwana Kimya. Nilipomtajia mkewe jina hilo, alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema nyumbani kwake mtu huyo hajawahi kufika.

Studio yetu ya pili aliifunga nyaya kwa mikono yake. Mafundi wote vijana mnaowaona leo wamepita kwake. Mvua ilipotukuta uwanjani tukitangaza mpira, aliifunika mitambo kwa koti lake na kwa mwavuli wa mtangazaji, na mtangazaji huyo bado anauulizia mwavuli wake.

Lakini kuna jambo ambalo sisi tuliokuja nyuma tumekuwa tukijiuliza. Kwa nini fundi hodari namna hii aliwahi kukaa karibu mwaka mzima kwenye kibanda cha mtambo wa kurushia matangazo kule kilimani? Na ilikuwaje aliporudi, yeye na Mama Mkurugenzi wa wakati ule wakawa wanaelewana kama watu waliokulia nyumba moja? Kila niliyemuuliza alikuwa na yake. Mmoja aliapa kwamba fundi aliunguza spika. Mwingine alisema walinuniana kwa sababu ya kiti. Mwishowe niliwafuata wenyewe, kila mmoja kwake, na wote wawili wameniruhusu niandike.

Mkurugenzi, mama mrefu, mwepesi wa maamuzi na mzito wa salamu, alitaka studio ya habari ihamie chumba cha nyuma, jirani na jenereta. Fundi alipinga katika kikao cha wafanyakazi wote, akisema ngurumo itaingia hewani. Mkurugenzi akajibu kwamba yeye amesimama chumbani humo na hakusikia ngurumo yoyote. Wakavutana. Damu ikamchemka fundi, akasema, "Tatizo lako, Mama, husikii."

Ni neno la kila siku. Mzazi humwambia mwanawe, mke humwambia mumewe, na maana yake ni kwamba mtu hashauriki. Lakini Mkurugenzi alifunga kikao palepale. Kesho yake fundi akapelekwa kilimani, ambako kazi ilikuwa kuangalia taa za mtambo na kufukuza mbuzi uani.

Fundi anasema hakulalamikia adhabu, kwani alijua amemvunjia heshima mkubwa wake mbele za watu. Kilichomkera ni ule uso aliouona kikaoni. "Hakukasirika," aliniambia. "Aliogopa."

Alishuka kwenda kuomba radhi, akaenda kimzaha, na maneno matamu tele. Mkurugenzi hakuinua macho. Alimuuliza tu, "Nani alikuambia?" Fundi hakujua alipaswa kuwa ameambiwa nini. Akaonyeshwa mlango.

Huko kilimani alikuwa na muda wa kuwaza. Akakumbuka kwamba Mkurugenzi alishika simu kwa sikio lilelile siku zote. Kikaoni alikaa pembeni kabisa, ukuta ukiwa kushoto kwake. Salamu za koridoni, zile zilizompa sifa ya majivuno, alizijibu vizuri tu pale aliyemsalimu alipopita kuliani. Fundi anasema ilipomwingia akilini, alikaa chini kwenye saruji. Sikio la kushoto la mama yule lilikuwa halifanyi kazi. Aliongoza redio, na alilificha hilo kwa kuhofia kwamba wakubwa wake wakijua, hatakuwa na kiti.

Mkewe ndiye aliyemwambia arudi, safari hii bila mzaha. Akarudi. "Mama, sikujua," alisema. "Nilitaka kusema hushauriki."

Ilikuwa radhi mbovu kuliko ya kwanza, na wote wawili wanakubali hivyo. Mkurugenzi akamuuliza, "Na ungejua, usingesema?"

"Ningesema vilevile. Ila ningekusubiri ofisini tukiwa wawili, na ningekaa upande wa kulia."

Mama akacheka, kisha akamsimulia homa ya utotoni iliyomwachia sikio moja.

Hata hivyo hakurudishwa studio. Mkurugenzi alinieleza wazi kwamba alitaka kwanza kuona kama siri itavuja. Kwa miezi kadhaa fundi aliendelea kupanda kilimani. Akija ofisini kueleza hali ya mtambo, alisema na yale asiyokubaliana nayo, mlango ukiwa umefungwa. Mara nyingine alisikilizwa, mara nyingine alikataliwa. Kuhusu chumba cha nyuma, mapazia mazito yaliimaliza ngurumo, na fundi anakiri kwamba aliikuza. Siri haikumtoka.

Ndipo asubuhi moja kikaoni Mkurugenzi akawaambia wafanyakazi wote habari za sikio lake, bila kuzunguka, akawaomba wamsalimu wakiwa kuliani. Halafu akatangaza kwamba fundi anarudi studio wiki ileile. Nilipomuuliza kwa nini alimtaka tena, alisema, "Wa kuniitikia nilikuwa nao wengi. Wa kunibishia alikuwa mmoja, na nilikuwa nimempeleka kwa mbuzi."

Mama huyo, ambaye sasa naye amestaafu, atakuwa nasi Ijumaa kumkabidhi fundi zawadi. Fundi ameshanunua mbao za kuwatengenezea wajukuu vitanda, na mkewe ameshampangia kazi nyingine ambazo bado hajaambiwa.

Fundi, asante kwa kila sauti uliyoifikisha salama majumbani mwa watu, na kwa kuwa na moyo wa kurudi kwenye mlango uliokwisha kuonyeshwa. Tunakuombea afya, mikono isiyotetemeka, usingizi mtamu wa mchana, na watu wa karibu ambao unaweza kuwabishia bila kuwapoteza.