Mwisho wa Armand

Kijiwe chetu hapa Likasi kiko kwenye kona ya Mama Berthe, anayeuza kahawa na karanga za kufungwa kwenye karatasi. Wiki hii hakuna aliyegusa habari za umeme wala mpira. Rolly, fundi wetu wa redio, amemwomba Noëlla mshonaji waoane, naye Noëlla akamkabidhi riwaya ya mapenzi nene kama tofali: "Usome mpaka mwisho, njo utakuya tusemezane." Maskini Rolly, hata katekisimu hakuimaliza! Bahati yake riwaya ilikuwa imekatika mgongo, vipande vitatu. Akabaki na cha mwisho, viwili akawagawia wazee wawili wa kijiwe wamsomee. Leo Noëlla anakuja kusikia riwaya inaishaje.

Alianza Symphorien, tunayemwita Turbine kwa sababu alifanya kazi kwenye bwawa la umeme la Koni na mdomo wake haupumziki.

— Ile Armand ya mu kitabu ni fantôme, muzimu. Anatokaka mu maji ya lac usiku, hana na kivuli. Na binti Isabelle anamupenda tu vile!

— Haiko fantôme! alipinga Octave, tuliyembatiza Avocat, yaani Wakili, ingawa hajawahi kushinda ubishi hata na mkewe. Mu kipande yangu ni wakati ya zamani. Armand iko na farasi, anabusu Isabelle mu bal, dansi ya gouverneur. Fantôme anapandaka farasi?

— Farasi nayo ilishakufaka.

— Bazee, munyamaze, alisema Rolly. Kwangu polisi banamutafuta Armand. Banasema njo yeye aliua Isabelle.

Octave alishika kifua.

— Aliua Isabelle? Juzi tu alimubusu!

Alihuzunika kweli, kama mtu aliyefiwa. Turbine hakumpa hata nafasi ya kulia.

— Sasa naelewa. Isabelle naye ni fantôme. Polisi banatafuta maiti, kumbe maiti iko anacheza bal.

— Na polisi?

— Balikufa zamani, nabo.

— Na mwenye aliandika kitabu?

— Angalia foto yake kule nyuma. Iko na kivuli?

Octave alikigeuza kipande kilichokuwa mkononi mwa Rolly, akaitazama picha kwa makini. Kivuli hakikuwapo.

Hapo Noëlla akafika, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

— Bonjour, ba papa. Rolly, mwisho inaisha je?

Rolly alifunua kipande chake atafute kurasa za mwisho. Hazikuwapo. Akamgeukia Mama Berthe.

— Ile makaratasi uliacha pa banc jana? alisema mama, bila wasiwasi. Nilifungiya kalanga. Munakula toka asubui.

Tukatazama chini. Karatasi zilizokunjamana zilikuwa zimetapakaa chini ya benchi letu. Nilimwonea Rolly huruma, jasho likimtoka.

— Noëlla, sijue. Mwisho tuliikula na kalanga.

Kisha akapiga magoti vumbini, suruali yake mpya na yote, akaanza kuokota na kunyoosha karatasi moja moja. Noëlla alimtazama huku akijiuma mdomo asicheke.

— Simama, Rolly.

— Bado, sijaipata.

— Uliipata. Njo vile inaishaka: Armand anapiga magoti mbele ya Isabelle.

Rolly alibaki pale chini, mikono imejaa karatasi na maganda.

— Na Isabelle anasema nini?

— Anasema ndiyo.

Mama Berthe alipiga vigelegele. Octave alifuta machozi waziwazi. Turbine peke yake alikuwa bado anawaza.

— Isabelle anasema ndiyo mbele ya kufa, ao kisha kufa?