Mzigo na Nyongeza Yake

Kwenye basi dogo la teksi la Kensington, Placide, mlinzi Mkongo asiyejua barafu ila ya friji, alikuwa akimfundisha jirani yake wa kiti hoki ya barafu ya Amerika.

"Ligi ikiongeza timu mpya, mama, kila timu ya zamani inaandika orodha ya wasioguswa. Kati ya waliobaki, timu mpya inachukua mmoja."

"Basi inapata wazuri," alisema Fauzia, muuza mboga wa Tanga.

"Wapi! Wanaachiwa mzee wa goti bovu, mkataba mnono, miaka mitano. Tena wanaongezewa kijana mzuri, ili tu wakubali kubeba mzigo."

"Wana akili. Mimi nyanya zikilegea namwongezea mteja pilipili, aondoke nazo."

Placide hakucheka. "Kampuni yetu inafungua tawi Turffontein. Kila lindo litoe mtu mmoja. Mwaka wa vurugu mabosi walijificha, mimi nikalishika lango peke yangu. Leo wasioguswa wameandikwa, mimi simo. Eti mshahara wangu mkubwa."

"Kumbe goti bovu ndiwe, baba! Na wamekuongezea nini, ili tawi likubali?"

Teksi ilisimama baada ya robot, taa za barabarani. Placide alivaa kofia yake.

"Mbwa," alisema akishuka. "Bado kijana."